Mechi Kumi na Moja Nilizojinyang'anya

Siku ya kuniaga, mkuu wa chuo alisimama na karatasi akasoma: misimu thelathini na mmoja, mechi za kushinda mia mbili na nane, za kushindwa mia mbili na tatu. Watu wakapiga makofi. Nikainua mkono kama mwanafunzi, nikamwambia kwa heshima kwamba hesabu hiyo si yangu. Yangu ni kushinda mia moja tisini na saba, na kushindwa mia mbili na kumi na nne. Makofi yakafifia. Mtu mmoja nyuma akacheka akidhani natania. Mkuu wa chuo, mtu mpole aliyehamia kwetu juzijuzi, akageuza karatasi yake upande wa pili, kana kwamba jibu lingekuwa huko.

Mwenye kujua kutoa na kujumlisha ameshaona. Kwa hesabu yake, mimi ni kocha aliyeshinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa. Kwa hesabu yangu, nimepigwa mara nyingi kuliko nilivyopiga. Tofauti ni mechi kumi na moja tu. Mwende, ambaye sasa ndiye kocha wa timu, alinishika mkono baadaye akaniambia, "Kocha, hiyo maneno iandike. Hawa wasichana wa sasa hawaijui, na nikiwaambia mimi nitatia chumvi." Basi naiandika, kwa ajili yake na kwa makocha vijana watakaomfuata. Vyeo na mishahara sitavigusa. Havikuwa vya kusimulia.

Nilifika chuoni nikiwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa hisabati. Nilikuwa nimecheza mpira wa kikapu miaka miwili nikiwa sekondari, tena zaidi kwenye benchi, na katika barua yangu ya kuomba kazi niliandika neno moja la ziada: michezo. Hilo neno ndilo lililonipata. Wiki ya kwanza mkuu wa michezo alinikabidhi mpira mmoja, filimbi isiyolia, na ufunguo wa stoo. Ndani ya stoo kulikuwa na magunia ya maharagwe ya jikoni na, nyuma ya magunia, jezi nane.

Mama yangu alikuwa akiuza viondo, vikapu vya kusuka kwa mkono, sokoni Masii. Nilipomwambia nimepewa timu ya mpira wa kikapu, alisikia neno la mwisho peke yake. "Wanalipa mtu kufundisha kusuka?" akaniuliza. "Na mbona hukuniambia nije mimi?" Nilimweleza kwa mikono, nikaruka kidogo hapo uani kumwonyesha. Akanitazama kwa huruma. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, akiulizwa mtoto wake anafanya kazi gani, alijibu kwamba nafundisha hesabu, na hapo ananyamaza.

Uwanja ulikuwa wa saruji, nyuma ya jikoni. Pete moja ilikuwa imeinama kwa sababu watu walianika nguo pale. Upepo ulileta mchanga kila alasiri, na mchanga juu ya saruji ni kama mafuta. Mchezaji akisimama ghafla, miguu inaendelea na safari. Kwa hiyo tulifagia kabla ya kila zoezi. Nilianza na wasichana kumi na wanane. Nilipowapa ufagio siku ya kwanza walibaki kumi na mmoja. Hao kumi na mmoja sikuwahi kujuta kuwa nao, ingawa msimu ule walipigwa mechi zote tisa.

Sisemi tulipigwa kidogo. Mechi ya kwanza iliisha sabini na moja kwa ishirini na mbili. Wenzetu walipoona tumechoka walianza kutupitishia mpira kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko pointi zenyewe. Jumatatu yake nilikwenda kwa mkuu wa michezo kurudisha ufunguo. Hakuwepo. Mlangoni pake nilimkuta Mzee Kilonzo, mwalimu wa useremala, amekuja kupima dirisha. Akaona ufunguo mkononi mwangu.

"Hiyo ni ya stoo ya mpira," akasema. "Unaenda nayo wapi?"

"Kuirudisha. Mimi sijui kufundisha huu mchezo, Mzee."

"Nani alikuambia unajua?" Akaendelea kupima dirisha. "Niliwaona Jumamosi. Wasichana wako wanaangalia mpira. Mpira hauna akili, utaangaliwa wa nini? Wafundishe miguu kwanza. Nikimaliza hapa nakuja."

Alikuwa amecheza jeshini ujanani mwake, jambo ambalo hakuna mtu chuoni aliyelijua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Alikuja jioni hiyo na miaka sita iliyofuata hakukosa zoezi ila akiwa mgonjwa. Alitutengenezea mbao mbili mpya za goli, akanyoosha ile pete kwa nyundo, akanifundisha kuibana kwa spana kila Ijumaa. Alikuwa na kamba yenye fundo moja, urefu wake mita tatu na sentimita tano, kimo halali cha pete. Tukienda ugenini alishuka kwenye lori la chuo akiwa nayo mfukoni, akapima pete za wenyeji kabla hata ya kusalimia. Mara mbili alizikuta ziko chini. Wenyeji walimchukia kabisa. Yeye alikunja kamba yake na kwenda kutafuta chai.

Yeye ndiye aliyenipa daftari. Kila mechi ukurasa mmoja: walioshiriki, pointi, na chini kabisa sababu ya matokeo, kwa mstari mmoja. Nilianza na ile mechi ya kwanza. Nikaandika kwamba refa hakututendea haki, na jua lilikuwa kali, na wachezaji wawili waliumwa tumbo. Mzee alisoma, akachukua kalamu ya seremala iliyokuwa sikioni, akafuta vyote, akaandika: *Hatujui kucheza.*

"Andika vile ilikuwa," akasema. "Ukiandika vile ulitaka ikuwe, mwaka ujao utafundisha jua."

Mwaka uliofuata tulishinda mechi yetu ya kwanza, arobaini na moja kwa arobaini. Nawaambia ukweli, sikumbuki kikapu cha mwisho. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimekaa chini kwenye saruji bila kujua nilikaaje, na kwamba Mzee Kilonzo alikuwa amenigeuzia mgongo akikagua ubao wa goli ambao haukuwa na tatizo lolote.

Baada ya hapo miaka ilikwenda. Tulishinda, tukashindwa, kwa kiasi kinachokaribiana. Tulisafiri na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, nyuma ya lori, na kila mara ilimwagikia jezi. Kwa misimu kadhaa tulikuwa na viatu jozi saba kwa wachezaji kumi na wawili, na anayetoka uwanjani alivua akimkabidhi anayeingia. Refa mmoja alitupigia faulo ya kuchelewesha mchezo, na alikuwa na haki. Julai, ukungu ukishuka kutoka milima ya Iveti, vidole vya wasichana vilikufa ganzi, na nilijifunza kuanza na mbio badala ya pasi. Mzee Kilonzo alistaafu akarudi kwake Kalama. Nikabaki na spana, kamba, na daftari la tatu.

Ndipo wakaja Mwende na Mutheu.

Mwende alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi, na alionekana kuwa na macho hata kisogoni. Nilimfanya nahodha mwaka wake wa kwanza. Mutheu alitoka Katelembo, mrefu, mkimya, anatumia mkono wa kushoto. Mwende alikuwa anarusha mpira mahali ambapo hapakuwa na mtu, na Mutheu anatokea hapo. Sikuwafundisha hilo. Nilichofanya ni kutowaharibia.

Katika mwaka wao wa pili tulicheza mechi kumi na moja tukashinda zote. Sijawahi kuwa na msimu kama huo kabla wala baada. Wapishi waliacha sufuria wakaja kusimama ukingoni. Walimu ambao hawakujua pete iko juu au chini walianza kunishauri kuhusu ulinzi. Tulifuzu fainali za taifa, chuo chetu kidogo cha Machakos, na mkuu wa michezo akaanza kuvaa tai.

Kwa fainali ilihitajika orodha ya wachezaji yenye muhuri wa ofisi ya masomo. Kwa kawaida mkuu wa michezo ndiye aliyeipeleka. Wiki hiyo alikuwa amekwenda matanga, nikaona nimsaidie. Karani wa ofisi, mama mmoja asiye na haraka, alisoma majina kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Mwalimu, huyu si wetu."

"Mutheu? Ni wetu. Juzi amefunga pointi ishirini na saba."

"Pointi sijui. Hapa si wetu. Alianguka masomo matatu, akaondolewa chuoni tangu muhula wa kwanza. Barua ilienda kwa mkuu wa michezo, kwa sababu alikuwa kwa orodha yake."

Sheria ya mashindano ilikuwa mstari mmoja ambao kila kocha anaujua: anayecheza ni mwanafunzi aliyesajiliwa. Nilichukua orodha bila muhuri.

Mkuu wa michezo aliporudi hakukana. Alifungua droo, akanionyesha barua, akaifunga tena. "Hii barua ulikuwa hujaiona, Mwalimu. Endelea kutoiona. Ni wiki mbili tu. Muhuri nitautafuta mimi."

"Na msichana?"

"Msichana ana shida gani? Anafurahi. Kila mtu anafurahi. Ni wewe tu uko na sura ya matanga, na mimi ndiye nimetoka huko."

Nilimkuta Mutheu uwanjani, amefika mapema, anafagia. Nilimwuliza aliacha kuingia darasani lini. Alifagia mpaka mwisho wa mstari kabla ya kujibu.

"Kocha, nyumbani hawajui."

"Kila asubuhi unaenda wapi?"

"Nakuja tu huku. Nakaa maktaba mpaka saa kumi, halafu nakuja zoezi."

"Unasoma nini huko maktaba?"

"Sisomi. Nakaa tu."

Hapo ndipo iliponichoma. Miezi yote hiyo nilihesabu pointi zake, mipira aliyodaka, faulo zake, hata dakika alizopumzika. Mimi, mwalimu, sikuwahi kumuuliza ana somo gani asubuhi. Kosa la barua lilikuwa la mtu mwingine. Hili la kutouliza lilikuwa langu, na sijapata wa kugawana naye.

Jumamosi nilikwenda Kalama kwa Mzee Kilonzo. Alikuwa anapiga randa mlango wa jirani, na hakuacha. Nilimsimulia yote. Alipomaliza upande mmoja aliugeuza mlango.

"Umekuja kuniuliza ufanye nini," akasema, "ama umekuja nikuambie unyamaze?"

Alikuwa amekisia sawasawa. Nilikuwa nimekuja ili aniambie ninyamaze.

"Basi shika huku mwisho," akasema, "huu mlango ni mzito." Nikashika. Hakusema neno lingine juu ya jambo hilo, na tulikula ndengu na mkewe, na nikarudi mjini nikijua nitawaandikia barua waandaaji wa mashindano.

Niliwaambia wachezaji kabla ya kuituma. Makocha vijana, hilo mlifanye hivyo. Msiwaache wasikie kwa karani. Mutheu alikuwa ameniomba asimame yeye mwenyewe aseme, akasema kwa sentensi mbili, akakaa chini. Kisha nikasema nitakachofanya. Mwende alisimama.

"Sisi tumefanya nini?"

"Hamjafanya kitu."

"Sasa mbona unatuadhibu?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno, mazuri kabisa, kuhusu sheria na jina la chuo. Nikamtazama usoni nikaona hayafai. Nikasema, "Sijui jinsi ya kumtoa Mutheu pale maktaba na kuwaacha nyinyi fainali. Nimejaribu kutafuta. Kama kuna njia, mimi sijaiona."

Akavua jezi aliyoivaa juu ya fulana yake. Hata kwa hasira aliikunja. Akaiweka kwenye saruji mbele ya miguu yangu. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka nikawa na rundo.

Jibu la waandaaji lilikuwa ukurasa mmoja. Mechi zote kumi na moja walipewa wapinzani. Tukaondolewa mashindanoni. Mkuu wa michezo aliacha kunisalimia, akanisalimia tena miaka mitatu baadaye, kwa bahati mbaya nadhani. Kulikuwa na maneno kwamba nimenunuliwa na chuo jirani. Wengine walisema namwonea wivu Mutheu, mimi mwenye sentimita mia moja hamsini na nane. Wapishi walinipa chai bila kunitazama. Nilinunua kalamu nyekundu, nikarudi kwenye daftari, nikageuza kurasa kumi na moja. Kwenye kila ukurasa nikakata neno *tumeshinda*, nikaandika *tumeshindwa*, na chini, kwenye sababu: *Kocha hakuuliza.*

Kisha nikaenda na Mutheu kwao Katelembo. Alinitaka niende peke yangu, nilikataa. Mama yake alikuwa anapukuchua mbaazi. Mutheu alimwambia kwa Kikamba. Mama akaendelea kupukuchua kwa muda, mikono ikienda yenyewe.

"Aiya," akasema mwishowe. "Na kila siku alikuwa anaaga. Kila siku ananiambia, mwaitu, naenda darasa." Akanigeukia. "Mwalimu, huyu anaweza kurudi?"

"Akirudia masomo matatu akapita, atarudi. Moja ni hisabati. Hiyo ni yangu."

"Na hizo zingine?"

"Nitawatafuta wenyewe."

Niliwatafuta. Mmoja alikubali mara moja. Mwingine alikuwa katika wale waliokuwa wakinishauri kuhusu ulinzi, na ilinibidi niende ofisini kwake mara nne. Mara ya nne nilikaa kwenye kiti chake cha wageni nikatoa madaftari yangu ya kusahihisha, nikaanza kusahihisha. Alikubali kabla sijamaliza daftari la pili.

Hisabati tulifanyia uwanjani, saa ile ile ya zoezi, maana hakuna mchezaji aliyekuja. Nilifagia peke yangu. Tuliandika kwa chaki juu ya saruji, kuanzia chini ya pete, tukisogea nyuma hesabu ikirefuka. Milinganyo mingine ilifika katikati ya uwanja. Wiki ya kwanza ilipita hivyo, na ya pili, na ya tatu. Nilikuja kila siku na filimbi shingoni. Mtu akiuliza timu iko wapi, nilisema inakuja.

Wiki ya nne kivuli kiliingia kwenye hesabu yetu. Kilikuwa cha Mwende. Alisimama akisoma saruji kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Kocha, hapa umekosea. Hiyo ni kutoa, wewe umeandika kujumlisha."

Nikaangalia. Nilikuwa nimekosea.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Sijakuja juu yako. Nimekuja juu ya Mutheu, maana ukiendelea kumfundisha hivi ataanguka tena." Akachukua chaki mkononi mwangu, akapiga magoti karibu na Mutheu, akaanza upya kutoka juu. Siku iliyofuata walikuwa watatu. Mwisho wa mwezi nilihitaji kutumia filimbi.

Mutheu alirudia mitihani. Alipita masomo mawili akaanguka moja, na mnajua ni lipi. Nilikaa na aibu hiyo siku mbili, kisha tukarudi kwenye saruji. Mara ya pili alipita. Alisajiliwa, akapewa kadi mpya yenye picha amenuna, na msimu uliofuata akacheza.

Nilitaka sana msimu ule uishe kwa kombe. Ningekuwa mtunzi wa hadithi ungeisha hivyo. Tulifika nusu fainali. Kabla ya mpira kurushwa, Mutheu alikwenda kwenye meza ya waamuzi, akatoa kadi yake ya mwanafunzi, akaiweka mbele yao. Mwamuzi alisema hakuna aliyeiomba. "Najua," Mutheu akasema. "Iangalieni tu." Tulipigwa hamsini na nane kwa hamsini na mbili. Niliandika: *Wenzetu walikuwa wazuri kutushinda.* Ilikuwa kweli, na mkono wangu ulikuwa mwepesi nikiandika.

Mutheu leo ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Masii. Anafundisha hisabati, Mungu awasaidie watoto. Mwende alimaliza akaondoka, akacheza klabu Nairobi miaka michache, goti likamkataa. Siku moja alitokea uwanjani akaniuliza kama nina kazi ya msaidizi isiyo na malipo. Nilimwambia kazi za aina hiyo tunazo nyingi. Chuo kilimwajiri baadaye, kwa taabu, baada ya mimi kukaa tena kwenye viti vya wageni.

Kwa makocha vijana, machache. Wachezaji wa leo wanakuja na simu zenye video za watu wanaorusha mpira kutoka mbali wakirudi nyuma. Msiwakataze. Waambieni waonyeshe miguu ya mtu huyo iko wapi. Wakiitafuta watajifunza bila kujua. Nendeni ofisi ya masomo kila mwanzo wa muhula, nyinyi wenyewe, kwa miguu yenu. Muulizeni kila mchezaji ana somo gani asubuhi, na sikilizeni anavyojibu. Filimbi nunueni mbili.

Mechi yangu ya mwisho ilikuwa nyumbani, Jumamosi mchana, ya kufunga msimu. Watu walikuja wengi kwa ajili yangu, jambo lililowatia wachezaji hofu. Muda uliisha tukiwa nyuma kwa pointi moja, lakini Kasiva alikuwa amechezewa faulo katika sekunde ya mwisho. Kasiva ni wa mwaka wa kwanza, ana miaka kumi na tisa. Alikuwa na mitupo miwili, peke yake kwenye mstari, saa imesimama. Mmoja tu ungetupeleka muda wa ziada. Wa kwanza ulipita mbele ya pete bila kuigusa. Wa pili uligonga chuma ukatoka.

Wageni walinikumbatia, wakasema maneno mema, wakaenda ukumbini kwa chai na keki. Niliporudi kuchukua koti langu nilimkuta Kasiva bado amesimama kwenye mstari. Mwende alikuwa chini ya pete anakusanya mipira.

"Nenda ukanywe chai," nikamwambia.

"Sitaki chai, Kocha. Nimekuharibia siku yako."

"Siku yangu iko sawa. Tatizo ni kiwiko chako, kinakimbilia nje." Nikamrushia mpira. "Kumi mfululizo. Ukikosa tunaanza upya."

Akatia minne akakosa. Akatia miwili akakosa. Akakosa wa kwanza. Alilia kidogo akiendelea kurusha, na hatukumwambia anyamaze. Mwende alidaka na kumrudishia, anadaka na kumrudishia. Kutoka ukumbini walituma mtu kuniita, nikasema nakuja. Akatia saba akakosa. Wakatuma mtu wa pili, huyu na kipande cha keki kwenye sahani. Mwende akakila.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipofika tisa. Alidundisha mpira mara tatu, akashusha pumzi, kiwiko kikakaa ndani. Ulizunguka juu ya chuma mara mbili, ukaingia.

Hakushangilia. Aliuchukua mpira, akaushika tumboni, akanitazama. "Kocha, Jumatatu zoezi ni saa ngapi?"

Nilifungua mdomo kujibu, kama nilivyojibu swali hilo miaka thelathini na mmoja. Kisha nikaufunga.

"Muulize kocha," nikasema.

Kasiva akageuka. Mwende alifuta makombo ya keki mdomoni, akajinyoosha.

"Saa kumi kamili," akasema. "Na ukichelewa utakimbia."